Jua la Shasha na mwanga wa hospitali

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba kansa yangu ya ngozi ilitibiwa kwa mwanga, wengi hucheka kwanza. Shasha yetu iko Masisi, kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara itokayo Sake kwenda Minova, chini kidogo ya ikweta. Jua la huko hukausha samaki wa sambaza, maharagwe na nguo za shule, na halimdai mtu hata franka moja. "Huku jua iko mingi," aliniambia yaya wangu, dada yetu mkubwa, kwa simu. "Sasa ile mwangaza ya mu sanduku ni ya nini tena?" Aliuliza kwa utani, lakini swali lina uzito, na jibu lake si fupi.

Ugonjwa wangu unaitwa mikosisi fungoidesi. Daktari Jean-Louis Alibert aliueleza Paris mwaka 1806, baada ya kumwona mgonjwa aliyeotwa na vivimbe vyenye umbo la uyoga. Hakuna uyoga wala ukungu ndani yake. Ni limfoma, yaani kansa ya seli za kinga, na hapa ni zile ziitwazo seli T, ambazo badala ya kufa kwa wakati wake zinajazana ndani ya ngozi. Sisi watu wa ukanda wetu tukitajiwa limfoma hukumbuka ule uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958. Ule wa Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha. Wangu ulitembea kwa miaka bila haraka, na huo ndio ujanja wake. Kwenye ngozi nyeupe huanza kama mabaka mekundu yenye magamba. Kwenye ngozi zetu mara nyingi huanza kama mabaka yaliyofifia rangi, meupe-meupe, ambayo kila anayeyaona ana jina lake la kuyapa: choa, mbalanga, mba, ukosefu wa vitamini, sabuni mbaya.

Yangu yalianzia nyongani, yakashuka kwenye matako na paja, kisha moja likajificha chini ya titi. Yalikuwa yakiwasha kidogo jioni. Angalieni mahali yalipokaa: ni sehemu ambazo nguo huzifunika na jua halizioni. Vitabu vya madaktari vinasema ugonjwa huu unapenda mahali hapo hasa, na mimi ningependa kila muganga wa kituo cha afya alijue jambo hilo kabla hajafungua kabati la pomadi.

Wa kwanza kuniangalia kwa makini alikuwa muganga mmoja Goma. Alinyofoa pamba, akaniambia nifumbe macho, akawa anagusa baka kisha ngozi nzima, akiniuliza kila mara ananigusa wapi. Nilimjibu sawasawa kila alipogusa. Alikuwa anatafuta ukoma, ambao haujaisha Kongo. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia. Alipoona hisia zangu zote zipo, alinihakikishia si ukoma. Nampa heshima yake mpaka leo, kwa sababu kipimo kile hakigharimu kitu na alikifanya vizuri. Baada yake zikaja pomadi. Kwanza za kuua ukungu, ambazo hazikufanya lolote. Halafu zile zenye kotizoni, ambazo famasi za mjini huziuza waziwazi, nyingi zikinunuliwa na wanaotaka kung'arisha uso. Hizo zilifanya kitu, na hapo ndipo balaa lilipo. Kotizoni ni dawa ya kweli ya hatua za mwanzo za ugonjwa huu. Inazilaza zile seli. Basi baka linafifia, mgonjwa anafurahi, tyubu inaisha, baka linarudi, na miezi inapita. Pia inaficha ushahidi, kwa sababu kipande cha ngozi kilichokatwa wakati pomadi inaendelea kupakwa kinaweza kuonekana kama ukurutu wa kawaida.

Nilipomfuata mume wangu Ubelgiji, sikwenda hospitali kwa ajili ya ngozi. Nilikwenda kwa daktari wa familia kuonyesha mgongo, akaona nyonga. Akanituma kwa bingwa wa ngozi, naye akaniambia niache pomadi zote kwa wiki kadhaa, kisha akakata. Kipande cha kwanza hakikusema kitu cha uhakika. Akakata tena mahali pengine. Nilikasirika, sikatai, nilidhani wananifanyia mazoezi. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo ugonjwa huu ulivyo: Ulaya yenyewe, yenye maabara kila kona, watu wengi hukaa miaka kabla ya kupata jina lake, na kukata mara mbili au tatu ni jambo la kawaida. Anayesoma kipande kwa darubini anatafuta seli T zilizopanda mpaka tabaka la juu la ngozi na kujipanga mstari chini yake, zenye kiini kilichokunjamana. Zikiwa chache, anasita, na ana haki ya kusita.

Kulikuwa na kipimo kimoja ambacho alikiomba kwa sababu tu nimetoka Kongo. Virusi viitwavyo HTLV-1 vipo katika sehemu za nchi yetu, na vinaweza kuzaa limfoma nyingine ya seli T inayofanana sana na hii machoni lakini iliyo kali zaidi. Majibu yakaja safi. Kisha akanipima kwa kiganja changu mwenyewe: kiganja pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yote ya mtu. Akahesabu mabaka yangu yote, hayakufika asilimia 10, tezi hazikuvimba, damu ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kabisa. Aliniambia watu wa hatua hiyo kwa kawaida huishi miaka yao kama wengine. Nilisikia neno kansa tu. Hayo mengine mume wangu ndiye aliyeyakumbuka tulipofika nyumbani.

Sasa nirudi kwa yaya. Kwa nini si jua?

Mwanga niliotibiwa nao ni sehemu ndogo sana ya ule wa jua. Ni mionzi ya urujuanimno ya aina ya UVB, na katika hiyo UVB wamechagua uzi mmoja tu, wa nanomita 311 hadi 313. Taa zake zilitengenezwa miaka ya 1980. Uzi huo unaingia kwenye tabaka la juu la ngozi, pale pale seli zangu mbaya zilipojipanga, unaharibu vinasaba vyao na kuzifanya zife, huku ukiunguza kidogo kuliko mionzi ya UVB iliyo jirani nao. Jua linakuletea vyote kwa pamoja: kinachotibu, kinachounguza na joto lisilo na kazi yoyote hapo. Kulitumia kama dawa ni sawa na kumeza kila kidonge kilichoko famasi ili upate kimoja unachokihitaji. Tena jua halipimiki kwa jicho. La saa mbili asubuhi si la saa sita, la siku ya mawingu si la kiangazi. Na hata ukipata saa nzuri, ni mwanamke gani wa Shasha atakayesimama uchi uani, mikono juu, mara tatu kwa wiki, miezi na miezi?

Ndani ya kabati la mwanga inakuwa hivi. Ni chumba kidogo cha kusimama mtu mmoja, kuta zake zote ni taa ndefu. Unavua nguo, unavaa miwani nyeusi ya kuziba, wanaume wanafunika sehemu zao za siri. Muuguzi anaweka kipimo, taa zinavuma, na kwa mara ya kwanza ni sekunde tu. Nilitoka nikijiuliza kama kumefanyika kitu. Kila ukirudi wanaongeza kidogo, na kila ukirudi wanakuuliza: jana usiku ngozi iliwaka? iliuma? Swali hilo ni muhimu kwetu kuliko kwa wagonjwa weupe, kwa sababu kwao ngozi iliyozidishiwa inaonekana nyekundu, kwetu wekundu haujitokezi. Muuguzi mmoja alitazama ngozi yangu akaandika kwamba hakuna shida wakati mimi nilikuwa nimelala kifudifudi usiku kucha. Tangu hapo nilikuwa naongea kabla sijaulizwa. Rangi yetu pia inazuia mionzi, kwa hiyo mara nyingi tunahitaji kipimo kikubwa zaidi, lakini wanapanda ngazi kwa ngazi, hawaruki.

Wiki za mwanzo nilikata tamaa. Ngozi nzima ilikuwa imekolea weusi, na mabaka yakaonekana meupe kuliko siku niliyoanza. Mume wangu alidhani dawa inaeneza ugonjwa. Ni kwamba ngozi yenye afya huitikia mwanga mapema, baka linachelewa. Miezi ikapita ndipo nikaona vidoa vya weusi ndani ya baka, kila kimoja kikizunguka tundu la unywele, vikipanuka mpaka vikakutana. Kwa ngozi kama zetu hiyo ni alama njema ya kwanza, na wanaotibiwa waambiwe mapema ili wasitoroke katikati.

Kuna mahali mwanga haufiki. Chini ya titi, kwenye mikunjo ya paja, katikati ya matako. Lile baka la chini ya titi lilibaki jeupe hivyo hivyo wakati mengine yanafunga, mpaka muuguzi mwingine, mama wa Kimoroko, aliponifundisha kusimama: mguu mmoja kwenye kigoda, titi limeinuliwa kwa mkono, kisha kugeuka. Huo ndio ufundi wenyewe. Mashine ya maelfu ya yuro inashindwa na titi lisiloinuliwa.

Wengine hapa hudhani tiba ya mwanga ni uvumbuzi wa Wazungu tupu. Kweli Niels Finsen wa Copenhagen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa. Lakini ile aina ya pili ya tiba, inayoitwa PUVA, ina mizizi Afrika. Kando ya mto Nile unaota mmea ambao mbegu zake zilitumiwa tangu zamani kutibu mbalanga: mtu anameza, kisha anakaa juani. Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliichukua dawa iliyosafishwa kutoka mmea huo, akaifanyia kazi miaka ya 1940. Mwaka 1974 madaktari wa Boston waliiunganisha na taa za UVA kwa ugonjwa wa soriasisi, na mwaka 1976 ikaripotiwa kwa ugonjwa kama wangu. UVA inakwenda chini zaidi kuliko UVB, kwa hiyo inawafaa wenye mabaka yaliyonenepa. Ina gharama zake: kichefuchefu, miwani ya jua siku nzima baada ya kumeza, na ukiifanya mara nyingi mno inaweza yenyewe kuleta kansa nyingine ya ngozi. Ndiyo maana daktari hamgawii mtu PUVA ovyo.

Mabaka mengi yalifunga kwa mwanga peke yake. Moja la nyonga lilinenepa, likawa bamba. Hapo ndipo yakaja mazungumzo ya vidonge.

Retinoidi ni ukoo wa dawa zilizotokana na vitamini A. Zinasaidia seli kukomaa na kufa inavyopasa, na zikiunganishwa na mwanga lengo mojawapo ni kufika pale pale kwa mwanga mchache zaidi. Kuna utafiti wa PUVA pamoja na beksaroteni uliofanywa na shirika la Ulaya la utafiti wa kansa, ambalo makao yake yako Brussels hapa hapa. Ulichapishwa mwaka 2012, wagonjwa 93. Haukuonyesha kwamba vidonge vinaongeza kwa uhakika idadi ya wanaopona, ila kulikuwa na dalili kwamba mwanga uliohitajika ulipungua. Daktari alinieleza hivyo bila kupamba, nami nikamwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Halafu akauliza: una mpango wa kuzaa?

Nilikuwa na wasichana wawili. Ukoo wa mume ulikuwa unasubiri wa tatu, na wote tunajua walikuwa wanasubiri wa aina gani. Dawa za ukoo huu zinaharibu mtoto tumboni, tena vibaya. Asitretini, ambayo ni ya bei nafuu, inamfunga mwanamke asishike mimba wakati wote anapoimeza na miaka 3 baada ya kuiacha. Na pombe, hata kasiksi ya ndizi, inaigeuza kuwa kitu kinachokaa mwilini muda mrefu sana. Beksaroteni inataka mwezi 1 tu baada ya kuacha, lakini inapandisha mafuta ya damu na kuizimisha tezi ya shingo, kwa hiyo unapewa vidonge vingine viwili vya kuandamana nayo. Nikachagua beksaroteni.

Aliyebaki kuambiwa ni mama mkwe. Mume wangu aliogopa kumpigia, nikapiga mwenyewe. Mama yule alizalisha wanawake wa Masisi miaka mingi kabla hajazeeka. Nilimwambia, "Mama, dawa ninayokunywa inaharibu mtoto ndani ya tumbo." Alinyamaza kidogo, akauliza inaharibu nini. Nikamtajia: moyo, uso, masikio. "Basi mungoje," alisema. "Mimi nilishapokea watoto wa hivyo kwa mikono yangu. Hakuna mtu wa kukuuliza tena." Na kweli hakuna aliyeuliza. Wazee wetu tunawafichia mambo ambayo wangeyabeba vizuri kuliko sisi.

Vidonge vyenyewe havikuwa vya mchezo. Midomo ilikauka ikapasuka. Nilishikwa na baridi ya ajabu, nikaisingizia Novemba ya Ubelgiji, mpaka damu ikaonyesha kwamba tezi imelala na kidonge chake hakijatosha. Mafuta ya damu yakapanda, na mtaalamu wa lishe akaanza kuniuliza juu ya mboga ya sombe: unaweka mawese kiasi gani? Nilimwonyesha. Akaandika kitu kirefu.

Tafadhali, hapa nisikike vizuri na wanaosoma wakiwa Kivu. Neno vitamini A lisimtume mtu kwenye vile vidonge wanavyodondoshewa watoto wakati wa kampeni za chanjo. Hivyo havitibu limfoma, na vikizidi vinamdhuru mkubwa na vinamdhuru mtoto aliye tumboni.

Leo ngozi yangu ni safi. Daktari hasemi nimepona. Anasema ugonjwa umelala, naye ananiita kila baada ya miezi. Baka dogo liliwahi kurudi pajani, nikaingia tena kabatini, likafunga. Tafiti za Marekani zimeonyesha watu weusi, na hasa wanawake weusi waliougua wakiwa vijana, wakipata matokeo mabaya kuliko weupe. Kuchelewa kutambuliwa ni sehemu ya sababu. Ile aina ya mabaka meupe yenyewe kwa kawaida ni ya upole. Kwa hiyo kumwacha mtu mwenye aina hiyo mpaka afikie vivimbe ni jambo la kusikitisha.

Februari 2024 vita vilifika Shasha na barabara ya Goma kwenda Minova ikakatwa. Kaka yangu na watoto wake walikimbilia kambi ya Bulengo. Mwaka ule mpox ilikuwa imeingia kambini, na kila mwenye alama mwilini alitazamwa kwa hofu. Goma ikaanguka Januari 2025, kambi zikabomolewa, wakarudi kwenye nyumba isiyo na mlango. Katika simu za siku hizo binti wa kwanza wa kaka alinitumia picha: mabaka matatu, meupe-meupe, kiunoni na kwenye tako, na ujumbe, "Shangazi, hii ni kama yako?"

Picha haijibu swali hilo. Mabaka meupe mengi ni choa au mbalanga tu, na ningekuwa mwongo kumtisha. Lakini alikuwa amepaka kila kitu na yalikuwa yanarudi. Nilimwambia aache pomadi, na nikaongea na muganga wake juu ya jambo ambalo watu husahau: kipande cha ngozi kilichowekwa kwenye formalini ya asilimia 10 hakihitaji friji. Kinasafiri kwa pikipiki, kwa mtumbwi, mfukoni mwa mtu anayevuka kwenda Gisenyi na Kigali. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji ulipoanguka na mgonjwa hawezi kupita kila kizuizi, lakini chupa ndogo inapita. Kukata kwenyewe ni sindano ya ganzi, kisu kidogo na uzi mmoja. Muganga anayeshona majeraha ya panga anaweza kufundishwa. Moshi, Tanzania, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi penye hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha matabibu wa kawaida wa Afrika kazi za namna hiyo, si mabingwa peke yao.

Kwa hiyo nawaomba waganga wa Shasha, Sake, Bweremana na kwingineko: baka lililofifia, lililo mahali pasipoonwa na jua, lisilopoteza hisia, likikaa zaidi ya miezi sita na kurudi kila pomadi ikiisha, msiandike pomadi nyingine. Kateni. Na kwenye chupa msiandike jina na umri tu. Andikeni pia mahali lilipotolewa, limekaa muda gani, pomadi zipi zilipakwa na ziliachwa lini, kisha muongeze kwa mkono wenu: tunaomba mtazame kama ni limfoma ya ngozi. Msomaji wa darubini asipoulizwa hilo, mara nyingi hatalitafuta.